Orodha ya Kampala na Land Rover za Thika

Ukiwauliza wazee wa Witeithie, au wa Thika mjini, Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilikufaje, wengi watakutajia mmoja wa watu wawili: Idi Amin, au Nyerere na Ujamaa wake. Wakenya tumeyazoea majibu hayo, na sababu haijifichi. Yote mawili yanaitupa lawama ng'ambo ya mpaka, moja Malaba na jingine Namanga. Mwanafunzi wa kidato cha nne hukariri sababu kadhaa za kuvunjika kwa Jumuiya mwaka 1977, na ile ya mgawanyo wa viwanda aghalabu hupewa mstari mmoja, kana kwamba ni jambo la wahasibu.

Mimi naiona ndiyo kiini cha habari yote, na ushahidi wangu ni waraka ambao siku hizi hausomwi na wengi: Makubaliano ya Kampala ya Aprili 1964, yaliyorekebishwa Mbale Januari 1965. Ndani yake mna orodha fupi ya viwanda. Anayeisoma akiwa hapa Witeithie, kando ya barabara ya Thika, hawezi kuipita upesi.

Yaliyotangulia yanajulikana. Kenya na Uganda ziliunganisha forodha mwaka 1917, na Tanganyika ikaingizwa hatua kwa hatua hadi 1927. Sarafu ikawa moja. Mwaka 1946 likaanzishwa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, na mwaka 1948 Tume Kuu ya magavana watatu ikaweka reli, bandari, posta na utafiti chini ya paa moja. Uhuru ulipokaribia, Tume Kuu ikageuzwa kuwa shirika la huduma za pamoja. Juni 1963 Kenyatta, Nyerere na Obote wakatangaza kutoka Nairobi kwamba mwaka huo huo nchi zao zingekuwa shirikisho. Hazikuwa. Kuhusu shirikisho lile kumeandikwa mengi mno, nami sina la kuongeza.

Jambo ambalo halikuandikwa vya kutosha ni soko lile lilivyofanya kazi mfukoni mwa mwananchi. Tangu miaka ya 1920 ushuru wa forodha ulipangwa kwa namna iliyolinda ngano na siagi ya masetla wa Kenya. Viwanda vilipoanza kuja, vilifuata reli, umeme, mabenki na wazungu wenye fedha, yaani vilikuja Nairobi na kandokando yake. Thika ni mtoto wa historia hiyo. Kulikuwa na mananasi ya kusindikwa, kukawa na mikebe ya kuyatia, kukawa na ngozi na vitambaa, na kukawa na vibarua wa kupangishiwa vyumba. Witeithie yenyewe imekua kwa kodi za vyumba hivyo.

Sasa mfikirie mkulima wa Sumbawanga aliyenunua shati lililoshonwa Kenya. Kama lingetoka ng'ambo, hazina ya Tanganyika ingepata ushuru. Lilipotoka Kenya halikutozwa kitu, na mara nyingi bei yake haikuwa nafuu, kwa kuwa kiwanda cha Kenya kilikuwa kimelindwa na ukuta uleule wa ushuru uliozizunguka nchi zote tatu. Kwa hiyo Tanganyika ilipoteza mapato, raia wake wakalipa bei ya juu, na ajira ikabaki kwetu. Kila mwaka Kenya iliwauzia wenzake bidhaa nyingi kuliko ilizonunua kwao.

Hata Waingereza waliliona hilo. Tume ya Jeremy Raisman, iliyotoa ripoti yake mwaka 1961, ilipendekeza mfuko wa mgawanyo: asilimia 6 ya mapato ya forodha na ya ushuru wa bidhaa, pamoja na asilimia 40 ya kodi ya mapato iliyotozwa makampuni ya viwanda na fedha, ziwekwe pamoja. Nusu ilipie huduma za pamoja, na nusu nyingine igawanywe sawasawa kwa nchi tatu. Ilikuwa njia ya heshima ya kumrudishia aliyepunjwa. Lakini fedha za mfuko hazijengi kiwanda, na Tanganyika ilitaka viwanda.

Mapema mwaka 1964 Dar es Salaam ilisema wazi kwamba hali isipobadilika itajitoa katika soko la pamoja. Ndipo mawaziri wakakutana Kampala. Kwanza walikubaliana kwamba makampuni yaliyokuwa na shughuli katika nchi zaidi ya moja yapanue uzalishaji pale palipopungukiwa. Sigara, viatu, bia na saruji ndizo zilizotajwa. Kisha wakakubaliana kuhusu viwango vya kuzuia bidhaa za jirani anayeuza kupita kiasi. Na mwisho wakagawana viwanda vipya ambavyo kila kimoja kilihitaji soko la nchi zote tatu ili kiweze kuishi. Tanganyika ikapewa kuunganisha Land Rover, kuunganisha redio, kutengeneza matairi na mipira ya ndani, na bati za alumini. Uganda ikapewa baiskeli na mbolea ya naitrojeni. Kenya ikapewa balbu za umeme.

Balbu za umeme. Naelewa kwa nini karatasi hiyo haikupokewa kwa shangwe Nairobi. Lakini walioiandika walijua hesabu: Kenya ilikuwa tayari na viwanda vingi kuliko wenzake wawili wakijumlishwa, na kama soko lingebaki moja, vya kesho vingefuata vya jana. Kwa maoni yangu hapo ndipo palikuwa na busara kubwa kuliko tangazo la shirikisho la mwaka uliotangulia. Tangazo liliahidi bendera moja bila kusema nani atafanya kazi wapi. Orodha ya Kampala ilitaja kazi.

Tanganyika na Uganda ziliyaidhinisha makubaliano hayo. Kenya haikuyaidhinisha.

Wapo wanaoitetea Nairobi, na hoja yao inastahili kusikilizwa. Wanasema serikali haiwezi kumwamuru mwekezaji wa London ajenge Dar es Salaam wakati yeye anataka Nairobi, na kwamba kiwanda kilichopelekwa kwa amri hufa kwa hasara. Wanaongeza kwamba Tanzania nayo ilianza mwaka 1965 kuzuia bidhaa za Kenya na kutangaza kwamba itakuwa na sarafu yake, kwa hiyo haikuwa na subira. Hoja ya kwanza ina ukweli nusu. Mwekezaji alikuwa akiipenda Nairobi kwa sababu ushuru, reli na ardhi vilikuwa vimepangwa kwa miaka 40 ili aipende. Huwezi kuita hali hiyo chaguo la soko huru. Na hoja ya pili inaanza hadithi katikati. Tanzania ilizuia bidhaa baada ya kusubiri idhini ambayo haikuja.

Wakati huohuo alikuwapo mwanauchumi wetu, Philip Ndegwa, ambaye baadaye alikuja kuwa Gavana wa Benki Kuu ya Kenya. Mwaka 1965 alichapisha kitabu kizima kuhusu soko la pamoja na maendeleo ya Afrika Mashariki. Kwamba Mkenya alilichukulia suala hili kuwa la kitabu kizima, mwaka uleule serikali yake ilipokuwa ikiiacha orodha ya Kampala ilale, ni jambo ambalo wanaopenda kusema kwamba hatukuwa na watu wa kutuonya hawana budi kulijibu.

Ili kutatua mvutano huo ikaundwa tume ya Kjeld Philip, Mdenmarki, na kazi yake ikazaa Mkataba wa Ushirikiano wa Afrika Mashariki uliotiwa sahihi Kampala tarehe 6 Juni 1967 na kuanza kutumika tarehe 1 Desemba. Makao makuu yakawa Arusha. Bandari zikaongozwa kutoka Dar es Salaam, posta na simu kutoka Kampala; reli na ndege zikabaki Nairobi. Angalia tarehe. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na miezi minne baadaye Tanzania ya Ujamaa ikatia sahihi mkataba wa kushirikiana na Kenya ya mabepari. Anayedai kwamba itikadi ndiyo iliyoua Jumuiya aeleze ilizaliwaje.

Mkataba wa 1967 haukugawa viwanda. Badala yake uliruhusu kodi ya uhamisho: nchi iliyokuwa ikinunua bidhaa nyingi za viwandani kwa wenzake kuliko ilizowauzia iliweza kutoza bidhaa zao hadi nusu ya ushuru wa kawaida wa nje, kwa miaka isiyozidi 8 kwa kila bidhaa. Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki nayo ilitakiwa kuwekeza asilimia 38.75 Tanzania, asilimia 38.75 Uganda, na asilimia 22.5 tu Kenya, ingawa wote watatu walichangia sawa. Zilikuwa hatua nzuri. Kasoro yake ni kwamba kodi ya uhamisho ilimpa kila mmoja sababu ya kujenga kiwanda kidogo cha kwake nyuma ya ukuta wake, badala ya kimoja kikubwa cha wote.

Matairi yanaonyesha vizuri. Kiwanda kilichoandikwa kwa ajili ya Tanganyika kikawa viwili: Firestone Nairobi, iliyosajiliwa mwaka 1969, na General Tyre Arusha, iliyoanza kazi mwaka 1971. Soko lililotosha kiwanda kimoja likapasuliwa. Cha Arusha kilisimama katika muongo wa kwanza wa karne hii. Cha Nairobi, kikiwa tayari chini ya wamiliki wengine na jina jingine, kilifungwa mwaka 2016.

Na Land Rover? Mwaka 1974 serikali ya Kenya na kampuni ya Leyland ya Uingereza zilianzisha Leyland Kenya. Kiwanda kilijengwa Thika, mwendo mfupi kutoka hapa ninapoandikia, na magari yakaanza kuunganishwa humo mwaka 1976, Land Rover zikiwemo. Leo kinaitwa Kenya Vehicle Manufacturers. Katika miaka hiyohiyo viwanda vingine viwili vya kuunganisha magari viliinuka Nairobi na Mombasa, huku Tanzania ikijenga cha kwake Kibaha kwa malori ya Scania. Miaka 12 baada ya Kampala, gari ambalo orodha ililiandikia Tanganyika lilikuwa likitoka katika lango la Thika. Mji wetu unajivunia kiwanda kile, na mafundi waliofunzwa humo wametapakaa kila gereji ya kaunti hii. Sioni vibaya kujivunia. Naona vibaya kusimulia kuanguka kwa Jumuiya bila kukitaja.

Amin alikuja Januari 1971, na ni kweli kwamba tangu hapo Mamlaka ya marais watatu haikukutana tena hata mara moja. Aliziba mahali ambapo malalamiko yangezungumzwa, hakuyaanzisha. Mashirika ya pamoja yakaanza kuzuiliana fedha, Shirika la Ndege likaanguka mwanzoni mwa 1977, Kenya ikaanzisha la kwake, na Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka hadi Novemba 1983. Katikati ya 1977 bajeti ya Jumuiya haikupitishwa, na Jumuiya ikawa imekwisha. Msuluhishi Mswisi, Victor Umbricht, alifanya kazi kwa miaka hadi mkataba wa Mei 1984, uliogawa mali: Kenya asilimia 42, Tanzania asilimia 32, Uganda asilimia 26. Wastaafu wa Jumuiya waliendelea kudai mafao yao kwa miaka mingi.

Jumuiya ya sasa ilianza Julai 2000, na leo ina nchi wanachama nane, Kongo na Somalia zikiwemo. Umoja wa forodha ulioanza 2005 ulikuwa na kifungu ambacho Wakenya wengi hawakukitambua: kwa miaka mitano bidhaa kadhaa za Kenya ziliendelea kulipa ushuru uliopungua mwaka hadi mwaka zikiingia Uganda na Tanzania, wakati za kwao ziliingia Kenya bure. Hiyo ni kodi ya uhamisho kwa jina jingine, na nyuma yake kuna orodha ya Kampala. Mara hii Kenya ilikubali, na soko halikuvunjika. Uuzaji wa viwanda vya Thika na Ruiru ng'ambo ya mpaka uliendelea.

Ilipofika 2010 kipindi hicho kiliisha, na ugomvi ukarudi kwa sura ndogondogo. Mwaka 2018 Tanzania na Uganda zilitoza ushuru peremende za Kenya kwa sababu ya sukari ya viwandani iliyotumika. Mwaka 2020 maziwa ya Uganda yalikamatwa upande wetu, na Machi 2021 mahindi ya Uganda na Tanzania yakazuiwa kwa sababu ya sumukuvu. Magazeti yetu yaliita ya kwanza ubaguzi dhidi ya Kenya na ya pili na ya tatu ulinzi wa mlaji. Mwandishi wa Kampala angeyapanga kinyume, na angekuwa na waraka wa 1964 wa kuanzia.