Gari lililoinuliwa: kutoka theluji na jangwa hadi tope la Walikale

Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo kwenye barabara ya Walikale au ya Shabunda, lori lililojaa mizigo huzama hadi ekseli na msafara wote husimama. Mara nyingine nyuma hutokea Land Cruiser yenye miguu mirefu, inapita pembeni na kuendelea. Familia zilizokimbia vita zinajua tofauti hiyo, kwa sababu chakula, dawa na wagonjwa hupita kwa gari la namna hiyo pale ambapo gari lingine halipiti. Lakini namna magari yalivyofika kuwa na miguu hiyo ni historia ndefu, na sehemu yake ilipita katika ardhi ya Kongo miaka mia moja iliyopita.

Ilianzia kwenye theluji. Kabla ya mapinduzi ya mwaka 1917, fundi Mfaransa Adolphe Kégresse alifanya kazi katika garaji ya mfalme wa Urusi, Nicholas wa Pili. Majira ya baridi magari ya mfalme yalikuwa yanazama. Kégresse aliondoa magurudumu ya nyuma na kuweka mkanda mpana wa mpira unaozunguka. Uzito wa gari ulikuwa ule ule, ila sasa ulitandazwa juu ya unyayo mkubwa, na gari likaacha kuzama. Aliporudi Ufaransa, kampuni ya Citroën ilichukua wazo lake na kulipeleka jangwani.

Tarehe 28 Oktoba 1924, magari 8 ya namna hiyo yaliondoka Colomb-Béchar, Algeria, chini ya uongozi wa Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Yalivuka Sahara, yakaingia Kongo ya Wabelgiji upande wa kaskazini na kufika Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani. Yalipofika Kampala yaligawanyika makundi manne, na mwezi Juni 1925 safari ikaishia Madagaska. Ulaya walisifu magari. Waliosifiwa kidogo ni wanavijiji waliofyeka na kutengeneza njia ili magari hayo yapite.

Mkanda wa mpira ulikuwa wa polepole, na ulichakaa upesi. Vita ya Pili ya Dunia ikaleta jibu lingine: jeep ya Wamarekani, gari jepesi linalovuta kwa magurudumu yote manne. Vita ilipokwisha, Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa akitumia jeep kuukuu kwenye shamba lake huko Wales, na kutoka hapo ikazaliwa Land Rover, mwaka 1948. Bati lake lilikuwa la alumini kwa sababu chuma kilikuwa adimu Uingereza. Japani nao, mwaka 1951 Toyota ilitengeneza gari lake la BJ, ambalo lilipanda mlima Fuji hadi kituo cha sita. Mwaka 1954 likapewa jina ambalo kila mtoto wa Goma anaweza kulitamka: Land Cruiser.

Magari hayo yote yalitoka kiwandani na matairi membamba. Waliofika mbali zaidi katika kuyabadilisha ni watu wa Iceland, kisiwa cha barafu kaskazini mwa Ulaya. Huko, hasa miaka ya 1980, mafundi walianza kufunga matairi mapana ya inchi 38 na zaidi, kisha kupunguza upepo hadi tairi linalala kama mkate uliokandamizwa. Ni wazo lile lile la Kégresse. Tairi kubwa halikuingia chini ya bati la gari, basi walikata bati na kuinua bodi. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea: hawakuinua gari ili liwe refu, waliliinua ili tairi lipate nafasi. Mwaka 2007 gari la Hilux lililotengenezwa hivyo lilifika mahali ilipokuwa zamani ncha ya sumaku ya kaskazini, juu ya bahari iliyoganda.

Hesabu yake ni nyepesi. Springi ndefu huinua bodi na shasi tu. Ekseli na difu, ambavyo ndivyo vinavyokwama juu ya tuta la tope katikati ya nyayo mbili za malori, vinabaki pale pale. Kinachoviinua ni tairi peke yake, na kwa nusu tu: tairi likiongezeka sentimita 5 kwa upana wa duara lake, difu linapanda sentimita 2 na nusu. Na bei yake ipo. Injini inavuta mzigo mzito zaidi, mafuta yanaliwa, breki zinachelewa kushika, na saa ya mwendo inadanganya: tairi la inchi 31 likibadilishwa kwa la inchi 33, mshale ukionyesha 60 gari linakimbia karibu 64. Tena gari limepanda juu lakini upana wake haukuongezeka, kwa hiyo kwenye kona linaanguka upesi kuliko zamani.

Theluji si tope la Kivu. Mahali penye tope jepesi juu na ardhi ngumu chini, tairi jembamba hukata na kukanyaga penye ugumu, wakati tairi pana huteleza juu kama sabuni. Ndiyo maana Land Cruiser nyingi za familia ya 70, iliyoanza mwaka 1984, zinazofanya kazi za misaada, zimebaki na tairi refu na jembamba la 7.50 R 16. Wenye mapesa ya kununua tairi pana wasidhani kwamba madereva hao hawana akili.

Mafundi wa mashariki mwa Kongo wana njia yao, ya zamani kuliko vifaa vya kununua dukani: wanaongeza jani moja au mawili kwenye springi za nyuma. Gari linapanda, linabeba magunia zaidi, na juu ya magunia wanakaa watu. Hapo uzito wote umehamia juu, kwenye gari ambalo tayari limeinuliwa, kando ya korongo. Springi hiyo hiyo, gari likiwa halina mzigo, inakuwa ngumu kama ubao. Mama mwenye uchungu wa kuzaa au aliyevunjika mfupa, akilazwa nyuma, anapokea kila shimo mwilini mwake, kilometa kwa kilometa. Dereva mzoefu akipewa gari kama hilo kubeba mgonjwa hutia magunia machache ya mchanga sakafuni ili springi ilegee, hupunguza upepo kidogo kwenye matairi, na huujaza tena akifika kwenye barabara ngumu, kwa sababu tairi laini likikimbizwa hupata joto na kupasuka.