Vilivyokosekana Ndani ya Injini

Mtu akiniletea Honda CG125 ya zamani hapa Tarime, kabla ya kupiga kiki namwuliza nani aliifungua mara ya mwisho, na fundi huyo alijifunza kazi miaka gani. Jibu hilo la pili ndilo linalonielekeza nikatafute nini ndani.

Sababu inaanzia mpakani. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, Tanzania ilifunga mpaka na Kenya, na Sirari, kituo chetu cha mpakani, ikawa mwisho wa njia hadi Novemba 1983. Katikati ikaja vita ya Kagera, fedha za kigeni zikaisha. Pikipiki za huku enzi hizo hazikubeba abiria. Zilikuwa za mabwana shamba waliozungukia kahawa ya Tarime na pamba ya Serengeti, za mapadre, za watu wa chanjo. Spea ya halali ilisubiriwa kutoka Dar es Salaam. Ya magendo ilipita vichochoroni kutoka Isebania, upande wa Kenya. Mwaka 1983, serikali ilipowasaka wahujumu uchumi, hata hiyo ya magendo ikaogopwa.

CG125 yenyewe ilibuniwa ivumilie shida: valvu zake husukumwa na fito, hakuna cheni ya taimingi ya kukaza wala kukatika. Lakini uvumilivu huo ndio ulioficha mambo. Klipu ya pini ya pistoni, kawaya kadogo tu, inatakiwa kuwa mpya kila inapotolewa. Hapakuwa na mpya, basi fundi alirudisha ileile iliyolegea au akakunja waya wa breki ya baiskeli. Gasketi alikata kwenye boksi. Wavu wa chujio la oili, unaokaa chini nyuma ya kifuniko cha klachi, ukichanika aliutoa akafunga bila. Injini iliwaka, bwana shamba akaondoka, mbegu zikafika Mugumu. Siwalaumu hata kidogo, nawaheshimu.

Taabu ilikuwa kwa kijana aliyekaa pembeni akipokeza spana. Yeye hakuwahi kuliona chujio mahali pake, hivyo kwake injini isiyo na chujio ilikuwa injini kamili. Kuanzia 1984, wafanyabiashara waliporuhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, spea zilianza kurudi madukani, ila kazi ya vifaa vingine ilikuwa imeshatoka vichwani. Nimesikia kwa masikio yangu fundi mzoefu, akiwa na injini nzima mkononi, akisema wavu ule hauna kazi, na akautupa. Bila wavu, pampu inavuta vumbi la sahani za klachi na chembe za gia mpaka inachoka. Klipu ya kubahatisha ikichomoka, pini hutembea pembeni na kuchimba mfereji kwenye silinda, na mfereji huo hauzibwi na ringi yoyote. Hapo ni kuchonga au kuweka slivu.

Mzee aliyenifundisha alitandika gunia la kahawa na kupanga vitu kwa mfuatano wa kutoka. Skrubu za kifuniko, ambazo hazilingani urefu, alizichomeka kwenye boksi alilolitoboa kwa mpangilio wa matundu yake. Nilipojisifu kwamba gunia limebaki tupu alinijibu, "Mura, usinionyeshe gunia, nionyeshe matundu." Gunia tupu linathibitisha tu kwamba umerudisha ulivyovikuta. Kilichotupwa na aliyekutangulia hakimo humo. Unakitafuta kwenye chuma chenyewe: mfuo usio na klipu, alama ya duara inayong'aa palipokaa washa, tundu la pini lililojaa oili nyeusi.

Kisha, kuanzia miaka ya 2000, zikaja pikipiki za Kichina, nyingi zikiwa na injini zilizoigwa kutoka CG125 hiyohiyo. Makosa ya miaka ya magendo yakahamia kwenye bodaboda za Nyamongo na Mugumu. Lakini ujio huo umeleta na faida: spea nyingi za pikipiki hizo zinaingia kwenye Honda za zamani. Chujio ambalo bwana shamba hakulipata kwa fedha wala kwa kujuana, sasa ninalinunua kwenye kibanda cha spea kando ya stendi.