Hukumu Isitangulie Wazo

Ndugu msomaji, hebu tuanzie katika chumba cha mkutano. Meza ni ndefu, chai imekwisha kumiminwa, na mkuu wa ofisi amekwisha kutangaza kwamba mauzo yameshuka kwa miezi mitatu mfululizo. Kisha anaeleza, kwa muda wa nusu saa nzima, yale anayodhani ndiyo dawa. Amalizapo anawatazama walio chini yake na kusema: "Haya, sasa nataka mawazo yenu." Kimya. Mmoja anakoroga chai aliyokwisha kuikoroga. Kijana wa stoo, aliyeajiriwa majuzi tu, anainua mkono na kuanza kusema, na kabla hajamaliza mwenzake anacheka: "Aa, hilo tulishalijaribu!" Mkono unashuka, wala hautainuka tena mwaka ule.

Sina haja ya kukutajia ofisi hiyo iko wapi. Wengi wetu tumepata kukaa katika mkutano huo, wengine kama wakubwa, wengine kama yule kijana. Juma hili nataka tuzungumze habari za mtu aliyeujua vizuri mkutano wa namna hiyo zaidi ya miaka themanini iliyopita, akajaribu kuutibu. Tutazungumza pia juu ya wale waliomfuata, maana dawa yake nayo ilikuja kuonekana ina kasoro.

Mtu huyo aliitwa Alex Osborn, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1888. Ujanani alikuwa mwandishi wa habari katika mji wa Buffalo, baadaye akaingia katika kazi ya matangazo ya biashara. Mwaka 1919 yeye na wenzake wawili, Bruce Barton na Roy Durstine, walianzisha kampuni ya matangazo, ambayo mwaka 1928 iliungana na kampuni ya George Batten na kujulikana kwa herufi za majina yao: BBDO. Ilikuwa kampuni kubwa. Lakini miaka ya 1930 ilikuwa miaka ya shida ya uchumi katika Marekani yote, na ilipofika mwaka 1938 kampuni hiyo ilikuwa imepoteza wateja muhimu. Durstine akajiuzulu mwaka 1939, na Osborn akawa miongoni mwa waliobebeshwa mzigo wa kuiokoa.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Kampuni ya matangazo haina shamba wala kiwanda. Bidhaa yake ni mawazo. Mawazo yakikauka, hakuna cha kupeleka sokoni. Osborn aliona kwamba watu wake hawakuwa wajinga. Walikuwa na mawazo, ila mikutano yao ilikuwa ikiyaua yangali machanga. Kila neno lililotamkwa lilipimwa papo hapo, na mpimaji alikuwa mara nyingi mwenye cheo au mwenye sauti kubwa.

Kwa hiyo mwaka huo wa 1939 akaanzisha katika kampuni yake mikutano ya aina mpya, ile ambayo sisi kwa Kiswahili tumezoea kuiita kubungua bongo. Masharti yake yalikuwa manne. La kwanza, ni marufuku kukosoa wazo lolote mkutano unapoendelea. La pili, wazo la ajabu likaribishwe, maana ni rahisi kulituliza wazo lililovuka mpaka kuliko kulichangamsha lililolala. La tatu, yatafutwe mawazo mengi, kwa kuwa katika mengi ndimo huokotwa mazuri. La nne, kila mtu awe huru kulichukua wazo la mwenzake, aliongeze, alipunguze, au aliunganishe na jingine.

Baadhi ya watu husikia masharti haya wakadhani Osborn alitaka kila upuuzi ukubaliwe. La hasha. Yeye hakuifuta hukumu, aliiahirisha. Mawazo yaliandikwa yote, kisha siku nyingine yakachambuliwa bila huruma, na mengi yakatupwa. Mkulima wetu analielewa jambo hili bila kusoma kitabu. Hapalilii siku ile ile aliyopanda. Husubiri miche itokeze, ndipo ajue lipi ni gugu na upi ni muhindi. Anayepiga jembe kabla ya hapo hung'oa vyote viwili.

Na hilo sharti la wingi nalo lina maana yake. Mawazo ya kwanza yanayotujia huwa ni yale ya mazoea: bei ishushwe, tangazo liongezwe, mtu afukuzwe. Hayo kila mshindani wetu anayo. Ni baada ya kuyamaliza hayo ndipo akili hulazimika kutoka barabarani na kushika vichochoro.

Osborn aliandika vitabu kadhaa juu ya jambo hili, na kilichosomwa kuliko vyote kilitoka mwaka 1953. Mwaka uliofuata alianzisha huko Buffalo taasisi ya kufundisha ubunifu. Makampuni, vyuo na hata majeshi ya Marekani yakaipokea njia yake. Katika maandishi yake alidai kwamba mtu wa kawaida akiwa katika kundi hutoa mawazo mara mbili zaidi ya yale ambayo angeyatoa peke yake.

Dai hilo ndilo lililowatia hamu wataalamu wa Chuo Kikuu cha Yale. Mwaka 1958 Donald Taylor na wenzake wawili, Paul Berry na Clifford Block, walitoa matokeo ya jaribio lao. Walichukua wanafunzi 96. Nusu yao, yaani 48, waliwekwa katika makundi 12 ya watu wanne wanne. Wale 48 wengine walifanya kazi kila mtu peke yake. Wote walipewa masharti yale yale ya Osborn na maswali yale yale. Moja liliuliza, kwa mfano, ni kwa njia gani watalii wengi zaidi kutoka Ulaya wangeweza kuvutwa kwenda Marekani.

Kisha wataalamu wale wakafanya jambo la busara. Hawakumlinganisha mtu mmoja na kundi la wanne, maana hiyo isingekuwa haki. Waliyachukua mawazo ya watu wanne waliokuwa wametengana, wakayaunganisha, wakaondoa yaliyojirudia, ndipo wakayalinganisha na ya watu wanne waliokaa pamoja. Waliotengana walikuwa na mawazo karibu mara mbili ya wale waliokaa pamoja!

Wahenga wetu walituachia methali zinazoonekana kupingana. Wametuambia kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, na wametuambia pia kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Jaribio la Yale lilituonyesha kwamba zote mbili ni za kweli. Vichwa vinne vilishinda kimoja, lakini vichwa vinne vilivyokaa meza moja vilizuiliana njia.

Kwa nini? Jibu zuri lilipatikana mwaka 1987 kutoka kwa Michael Diehl na Wolfgang Stroebe, watafiti waliokuwa katika Chuo Kikuu cha Tübingen, Ujerumani. Walipima sababu zilizokuwa zikishukiwa: woga wa kuchekwa, uvivu wa kutegeana, na kungojana zamu ya kusema. Iliyoonekana kuwa na nguvu kuliko zote ni hiyo ya mwisho. Katika kundi mtu mmoja tu ndiye awezaye kusema kwa wakati mmoja. Wengine wanangoja, na wakati wa kungoja mmoja anasahau lake, mwingine anajiona limepitwa, wa tatu anashindwa kuwaza jipya kwa kuwa anajitahidi kulishikilia la zamani lisimtoke.

Hata kabla ya utafiti huo, Mjerumani mwingine, Bernd Rohrbach, alikuwa amekwisha kubuni njia ya kulikwepa tatizo hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alieleza utaratibu wa watu sita, mawazo matatu, dakika tano. Watu sita wanakaa kimya, kila mmoja na karatasi yake. Kwa dakika tano kila mtu anaandika mawazo matatu, kisha anampa jirani yake karatasi. Jirani anayasoma, anaongeza mengine matatu, na karatasi inazunguka mpaka imewafikia wote. Baada ya nusu saa mezani pana mawazo 108, wala hapana mtu aliyemkatiza mwenzake. Angalia pia kwamba kwenye karatasi hakuna sauti kubwa wala cheo.

Tumtendee haki Osborn. Yeye mwenyewe aliandika kwamba mkutano wa kundi ni nyongeza ya fikra za mtu mmoja mmoja, wala si badala yake. Ni wafuasi wake waliolisahau neno hilo, wakabaki na meza, ubao na kelele.

Lakini msingi wake, ule wa kuahirisha hukumu, umebaki imara, na mfano wake mmoja uko hapa hapa Afrika Mashariki. Mwezi Oktoba mwaka 2005, Vodafone ya Uingereza na Safaricom ya Kenya zilianza kujaribu huduma ya fedha kwa simu katika maeneo machache ya Nairobi na Thika, wateja wakiwa hawazidi 500. Shabaha ilikuwa kuwawezesha wakopaji wa shirika la mikopo midogo la Faulu kupokea na kulipa mikopo yao kwa simu.

Wateja hawakufuata shabaha hiyo peke yake. Wafanyabiashara walilipana wao kwa wao. Wengine waliweka mauzo ya siku jioni, benki zikiwa zimefungwa, wakayachukua asubuhi. Wapo walioweka fedha kabla ya kupanda gari na kuzitoa mwisho wa safari, wasije wakaibiwa njiani. Na wapo waliotumia ndugu na jamaa. Nick Hughes na Susie Lonie, waliousimamia mradi huo, wangeweza kusema kwamba wateja wanakosea. Badala yake waliyaandika yote, wakayatazama. Huduma ilipofunguliwa rasmi mwezi Machi 2007 kwa jina la M-Pesa, kilichotangazwa mbele hakikuwa mikopo tena, bali kutuma fedha nyumbani. Yaliyofuata kila mmoja wetu anayajua, kwani yumo ndani yake.

Tujiulize basi: ni mara ngapi katika duka letu, katika chama cha ushirika, katika karakana au ofisi, tumeliita kosa jambo ambalo lilikuwa ni wazo?

Kulirekebisha jambo hili hakuhitaji fedha. Swali litolewe siku moja kabla, nalo liwe swali moja lililo wazi. Kila mtu aje na yake yakiwa yameandikwa, na yasomwe bila kutaja nani kaandika. Waalikwe na wale wanaokutana na mteja uso kwa uso: dereva, muuzaji, mtu wa stoo. Mkubwa aseme mwisho. Na hukumu ipangiwe siku yake, kisha siku hiyo iwe kali kwelikweli.

Namrudia yule kijana wa stoo. Alitaka kusema nini? Hakuna ajuaye, pamoja na mkuu wake. Huenda lilikuwa jambo lisilo na maana. Huenda ndilo lililokuwa likitafutwa kwa miezi mitatu. Mwisho wa mwaka mhasibu ataandika hasara ya bidhaa zilizoharibika, ya mafuta, ya madeni yasiyolipika. Hasara ya mkono ule ulioshuka haina safu katika daftari lake, ingawa pengine ndiyo kubwa kuliko zote.

Hadi juma lijalo, nakutakia kazi njema.