Kipindupindu, Misafara na Dawa Zilizochoka

Isikizya leo ni makao makuu ya Wilaya ya Uyui, mkoani Tabora. Katika karne ya 19 nchi ya Unyanyembe, eneo la Tabora, ilikuwa njia panda ya misafara ya Bagamoyo na Ujiji: pembe za ndovu, vitambaa, watumwa, na maelfu ya wapagazi wa Kinyamwezi. Maradhi nayo yalisafiri. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu Zanzibar, aliwahoji wasafiri wa bara, na mwaka 1876 akachapisha kitabu kuonyesha jinsi kipindupindu kilivyofuata njia za biashara.

Dawa za kuua vimelea zilikuja baadaye sana, na onyo lilikuja nazo. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alisema mwaka 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel kwamba dozi pungufu huzaa vimelea sugu.

Kwetu jambo hilo lilidhihirika upesi. Kipindupindu kilipolipuka tena Tanzania mwaka 1977, tetrasaiklini, mojawapo ya dawa hizo, iligawiwa kwa wingi, kwa wagonjwa na hata kwa wazima ili kuwakinga. Katika mwezi wa kwanza wa mlipuko vimelea vyote vilivyopimwa vilishindwa nayo. Baada ya miezi mitano, asilimia 76 vilikuwa sugu. Mtafiti Fred Mhalu na wenzake walitangaza matokeo hayo katika jarida la The Lancet mwaka 1979. Kila anayeandika dawa nchini angepaswa kuyajua.

Tetrasaiklini nyingi hutoka mwilini ikiwa bado ina nguvu. Ikifika kwenye udongo na maji, vimelea dhaifu hufa, sugu hubaki, tena hurithishana vinasaba vya usugu hata na vimelea vya jamii nyingine. Uyui ni nchi ya ng'ombe. Mfugaji akinunua OTC (oksitetrasaiklini, dawa ya jamii hiyo hiyo ya tetrasaiklini) dukani na kuchoma sindano mwenyewe kwa kukisia, samadi huenda shambani, na mvua huweza kuisukuma hadi lamboni.

Mpango wa kwanza wa taifa dhidi ya usugu ulianza mwaka 2017. Wa pili ni wa 2023 hadi 2028. Yote miwili inagusa binadamu, mifugo na mazingira. Hata hivyo, kwa maoni yangu mazingira ndiyo yaliyosahaulika zaidi, ilhali choo bora, chanjo ya mifugo na maji ya bomba kutoka Ziwa Victoria hupunguza haja yenyewe ya dawa. Ndugu mfugaji, mwite afisa mifugo kabla ya sindano, na dawa iliyobaki usiitupe chooni wala mtoni.