Mtumiaji Asiye Mtu: Historia Fupi ya Upimaji wa Mzigo wa Seva, 1996–2013

Mwaka 1996 Adam Twiss, wa kampuni ya Zeus Technology ya Cambridge, Uingereza, aliandika programu ndogo ya kupimia seva za tovuti. Zeus ilikuwa ikiuza seva yake yenyewe, kwa hiyo kipimo hicho kilizaliwa sokoni, si maabarani. Baadaye programu hiyo ilihamia katika mradi wa Apache ikaitwa ab, na hadi leo kila inapoendeshwa hutanguliza jina la Twiss na mwaka huo kabla ya matokeo. Matumizi yake ni mepesi mno. Mpimaji huandika amri ya mstari mmoja, ab -n 1000 -c 100, ikifuatiwa na anwani ya ukurasa. Maana yake ni maombi 1,000, yakienda 100 sambamba. Muda mfupi baadaye husoma idadi ya maombi yaliyohudumiwa kwa sekunde.

Utata umo katika hiyo 100. Ni kawaida kuifasiri kuwa “watumiaji 100 kwa wakati mmoja”, na Kiswahili, kwa ngeli yake ya A-WA, huipa tafsiri hiyo uzito usioustahili: mtumiaji ni mtu, mwenye subira au asiye nayo. Programu haihesabu watu. Huhesabu miunganisho, na kila muunganisho husubiri jibu la ombi lake ndipo utume jingine. Seva ikilemewa, kipimo nacho hupunguza mwendo. Watu halisi hawana adabu hiyo. Wapya huendelea kumiminika, na waliokwisha kufika hubofya tena na tena.

Kasoro hii haikuchelewa kuelezwa. Mwaka 1997 Gaurav Banga na Peter Druschel, wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walionyesha kwamba wateja wa kuigiza wanaoisubiri seva kwa namna hii hushindwa kuitwika mzigo unaozidi uwezo wake. Mwaka uliofuata David Mosberger na Tai Jin, wa maabara za Hewlett-Packard, waliwasilisha httperf, iliyoweza kutuma maombi kwa kasi iliyopangwa, seva ijibu isijibu. Hata hivyo ab ilibaki karibu na mkono wa kila fundi, kwa kuwa huja pamoja na seva ya Apache.

Wala chombo bora hakijui watakuja wangapi. Hilo hukadiriwa na mwenye tovuti, na hapo ndipo suala linapotoka mikononi mwa mafundi na kuingia katika sera. Tarehe 2 Januari 2002, Public Record Office ya Uingereza ilifungua mtandaoni kumbukumbu za sensa ya 1901. Mfumo ulikuwa umekadiriwa kuhudumia watu milioni 1.2 kwa siku. Walifika karibu idadi iyo hiyo kwa saa. Makadirio yalikuwa sawa na wastani wa watu 14 hivi kwa sekunde, ilhali waliobisha hodi walikaribia 333. Siku chache baadaye huduma ilisimamishwa. Maneno mawili tu, “kwa siku”, yalificha kishindo cha asubuhi ya kwanza. Mshauri anayeletewa ripoti isemayo kwamba mfumo “umepimwa” ana haki ya kuuliza umepimwa kwa maombi mangapi kwa sekunde, kwa muda gani, na nani aliyekadiria idadi ya watakaokuja.

Kisa cha HealthCare.gov, tovuti ya bima ya afya ya serikali ya Marekani, ni tofauti. Hapo kipimo kilisema kweli: jaribio la siku chache kabla ya ufunguzi lilikwama likiwa na watumiaji wa kuigiza mia chache tu. Tarehe iliyotangazwa, 1 Oktoba 2013, haikusogezwa. Kumbukumbu za kiserikali zilizotolewa baadaye na kamati ya Bunge la Marekani zilionyesha kwamba waliofaulu kujiandikisha siku hiyo walikuwa sita.