Jina la "Perege wa Singida"

Mfasiri anayesoma orodha za kigeni za samaki atakuta Oreochromis esculentus amepewa jina ambalo, likifasiriwa neno kwa neno, ni "perege wa Singida". Tafsiri hiyo haina kosa la sarufi. Kosa limo katika jina lenyewe. Samaki huyu, aliyeelezwa kitaalamu na Michael Graham mwaka 1928, asili yake ni Ziwa Viktoria na Ziwa Kyoga, na ndiye ngege wa wavuvi Wajaluo. Singida alifika kwa kupandikizwa.

Mwenyeji wa maziwa ya chumvi ya Singida, Kitangiri, Eyasi na Manyara ni Oreochromis amphimelas, aliyeelezwa na Hilgendorf mwaka 1905. Huyu, katika orodha zizo hizo, kaitwa kwa jina la Manyara. Basi mgeni kapewa mji, na mwenyeji kahamishwa!

Zamani wote waliitwa Tilapia, jina lililotungwa na Andrew Smith mwaka 1840 kutokana na neno la Kitswana lenye maana ya samaki tu. Kitabu cha Ethelwynn Trewavas cha mwaka 1983 kiliwatenga wale ambao jike hulea mayai kinywani, wakawekwa katika jenasi Oreochromis. Kiswahili hakikufuata mgawanyo huo, wala hakikuwa na haja. Perege latosha kwa wote, maadamu msomaji hahitaji kuwatofautisha.

Lakini huhitaji. Mwaka 2006 ngege aliorodheshwa kimataifa kuwa katika hatari kubwa mno ya kutoweka. Sato, aliyeingizwa Viktoria katika miaka ya 1950, hushindana naye na hata kuzaana naye. Mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi tofauti moja: mkia wa sato una milia ya wima iliyo dhahiri, wa ngege hauna. Afisa akiandikiwa "hifadhi perege wa Singida", atamhifadhi yupi?

Twapendekeza esculentus aitwe ngege, na niloticus aitwe sato. Kwa amphimelas, wengine watavutwa na "perege wa magadi", lakini jina hilo lamstahili zaidi samaki wa Ziwa Natron. Kabla ya kamati yoyote kutunga neno, waulizwe kwanza wavuvi wa Kinyaturu na Kinyiramba humwitaje.