Kujifunza Nyimbo za Mwenda Jean Bosco: Gitaa, Maneno na Masimulizi Yake

Katika historia ya muziki wa gitaa wa Afrika ya Mashariki na ya Kati, ni watunzi wachache ambao nyimbo zao zimejifunzwa na watu wa aina nyingi kama zilivyojifunzwa nyimbo za Mwenda Jean Bosco. Vijana wa magharibi ya Kenya walizinasa kwa sikio kutoka katika sahani za santuri. Mtaalamu wa London aliziandika kwa nota, pigo kwa pigo. Mpigaji gitaa mmoja Mwingereza alifunga safari hadi Lubumbashi ili akae mbele ya fundi mwenyewe na kuvitazama vidole vyake. Kila mmoja alipata alichokitafuta, na kila mmoja alikosa kitu. Kilichokosekana mara nyingi zaidi ni maneno ya nyimbo, pamoja na masimulizi yaliyoyazaa. Jambo hili linastaajabisha kwa kuwa maneno hayo ni ya Kiswahili, na wengi wa wanafunzi hao walikijua Kiswahili tangu utotoni. Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi hali hiyo ilivyotokea, na hasara iliyoletwa nayo kwa wanaoishughulikia lugha hii.

Mwenda Jean Bosco alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, katika Katanga. Mji huo si mgeni kwa msomaji wa historia ya misafara. Ndio uliokuwa makao makuu ya Msiri, aliyetoka Unyamwezi kufuata biashara ya shaba na pembe, akajijengea dola na kuwatawala wenyeji hadi tarehe 20 Desemba 1891, alipouawa kwa risasi na afisa wa msafara wa Stairs uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold. Wafuasi wa Msiri ndio walioitwa Bayeke. Jina la Mwenda lilikuwa miongoni mwa majina ya Msiri mwenyewe, na mtunzi wetu alipolazimika kuacha jina la ubatizo, serikali ya Mobutu ilipoyapiga marufuku majina hayo mwaka 1972, alijulikana kwa jina la Mwenda wa Bayeke. Kwa hiyo ndani ya jina la mpigaji gitaa mmoja imo njia nzima ya kutoka Tabora hadi Bunkeya.

Hata hivyo, lingekuwa kosa kudhani kwamba Kiswahili alichokiimba kilimfikia moja kwa moja kutoka katika msafara wa babu zake. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na utawala wa kikoloni, ameonyesha kwa ushahidi mwingi kwamba Kiswahili cha miji ya Katanga kilikua hasa kwa sababu ya migodi. Kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilitafuta wafanyakazi mbali na karibu: Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Maniema, Rwanda. Wabelgiji walihofia pia nguvu ya Waingereza kusini mwa mpaka, wakaona afadhali lugha ya kambi isiwe ile ya upande wa pili. Lugha hiyo ililelewa katika nyumba za wafanyakazi, katika shule za wamisheni na katika vilabu vya pombe, na watoto waliozaliwa humo hawakuwa na lugha nyingine ya kuitania miji yao. Jadotville, ambayo tangu mwaka 1966 inaitwa Likasi, ilikuwa mmoja wa miji hiyo. Ndimo alimokulia Bosco, na ndimo gitaa lilipomkuta.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika ya kati na ya kusini akirekodi muziki wa wenyeji, alimkuta kijana huyo Jadotville akiwa na gitaa lake. Alimrekodi, na wimbo wa Masanga ulikuwa miongoni mwa zile za mwanzo. Sahani hizo zilitolewa na kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, na katika miaka michache tu zikawa zimesambaa kutoka mgodi hadi mgodi na kutoka bandari hadi bandari. Kijana wa miaka 22, asiyekuwa na bendi wala kipaza sauti, alisikika Nairobi kabla hajaiona Nairobi.

Inafaa kueleza kwa ufupi jinsi anavyopiga, kwa maana mvuto wake ulianzia hapo. Bosco hutumia vidole viwili tu vya mkono wa kuume: kidole gumba hushika nyuzi za chini, na kidole cha shahada hushika nyuzi za juu. Gumba halitulii katika mapigo ya sawasawa kama mtu apigaye ngoma ya kuandamia. Huondoka mahali pake, husubiri, hurudi. Shahada nayo huenda na wimbo wake. Mapigo ya pande hizo mbili hupishana, na sikio lisilozoea husadiki kwamba wapigaji ni wawili. Juu ya yote hayo huja sauti ya mwimbaji, ambayo haifuati gumba wala shahada. Mwanafunzi aliyekwisha kuvizoeza vidole vyake hugundua kwa uchungu kwamba akifungua kinywa kuimba, vidole vinasahau.

Vijana wa Kenya walijifunza hivyo hivyo kwa uchungu. Sahani haionyeshi kidole. Aliyetaka kuipata Masanga aliirudisha sindano mahali pale pale mara nyingi, akatafuta kwenye shingo ya gitaa mahali panapotoa sauti aliyoisikia, na kama palikuwa na pawili, alichagua palipomfaa. Mnamo mwaka 1959 Bosco mwenyewe alifika Nairobi, akaajiriwa kutangaza dawa ya Aspro, naye binamu yake Edouard Masengo akapata umaarufu mkubwa zaidi katika mji huo huo kwa matangazo ya soda na kwa maonyesho ya jukwaani. Ni jambo la kuchekesha kidogo, lakini ni kweli, kwamba sehemu ya mafunzo ya gitaa katika Kenya ililipiwa na vidonge vya kichwa na vinywaji baridi. Sasa wapigaji waliweza kumsikia redioni na hata kumtazama. Katika sehemu za Waluhya mtindo wa vidole viwili ulichukuliwa, ukachanganywa na mapigo ya ngoma za kienyeji na chupa ya soda iliyokwaruzwa au kugongwa kwa chuma, ukawa mtindo wa pekee. George Mukabi, aliyeuawa mwaka 1963, aliufikisha mahali ambapo hapana tena haja ya kumtaja mwalimu kutoka Katanga. John Mwale na wengine waliendelea nao.

Yaliyochukuliwa ni vidole. Maneno yaliachwa, na palipobaki kidogo yalirekebishwa. Sababu yake haiko mbali. Msikilizaji wa Kenya aliusikia wimbo akatambua kwamba ni Kiswahili, kisha akatambua kwamba si Kiswahili chake. Alisikia batu mahali pa watu, mutoto mahali pa mtoto, muke mahali pa mke, njo mahali pa ndiyo. Kwa masikio yaliyofunzwa na shule, haya yalikuwa makosa ya mtu asiyesoma. Ukweli ni kwamba yanafuata utaratibu wake: kiambishi ba- cha wingi wa watu kimetoka katika lugha za Kibantu zilizouzunguka mji, silabi mu- haikupoteza irabu yake kama ilivyopoteza pwani, na njo imekuwa chombo cha kusisitiza chenye kazi nyingi kuliko ndiyo ya Unguja. Edgar Polomé aliyaeleza mengi ya haya katika makala yake ya mwaka 1968 kuhusu Kiswahili cha Lubumbashi. Mwanafunzi wa gitaa wa miaka ya 1950 hakuwa na Polomé. Alikuwa na sahani na karatasi ndogo iliyobandikwa katikati yake.

Chukua jina la Masanga. Kwa anayejua Kilingala, masanga ni pombe, na mwenye kulisikia neno hilo katika wimbo wa mji wa migodi hana shaka kwamba unahusu ulevi. Lakini jina la wimbo limeandikwa pia kwa ukamilifu, Masanga Njia, na likafasiriwa kuwa njia panda, mahali njia zinapokutana. Tofauti ni kubwa. Wa kwanza ni wimbo wa mtu aketiye na chupa. Wa pili ni wimbo wa mtu asimamaye mahali ambapo wengine wanapita, kila mmoja na kwao, jambo ambalo katika Jadotville ya wakati ule lilikuwa ni habari ya kila siku. Neno moja likianguka kwenye karatasi ya sahani, wimbo unahama kutoka barabarani hadi kilabuni. Hali kama hiyo inaukabili wimbo wa Tambala Moja. Mwenye sikio la pwani husikia tambara, yaani kitambaa kikuukuu cha kufutia, kwa kuwa amezoea kuona l na r zikibadilishana. Huko Kongo kitambala ni kitambaa cha heshima, cha kufunga kichwani au kushika mkononi. Mwimbaji wa Nairobi aliyesahihisha l kuwa r alidhani anasafisha matamshi, kumbe amemvua mtu nguo nzuri akamvika matambara.

Wataalamu walikuja kwa mlango mwingine. David Rycroft, aliyekuwa akifundisha London na ambaye sifa yake kubwa ni katika lugha na muziki wa Kizulu, alichapisha mwaka 1961 na 1962, katika jarida la African Music, uchambuzi wa upigaji wa Bosco ambao mpaka leo haujapitwa kwa uangalifu. Aliigawa Masanga katika sauti zake, akaonyesha jinsi mzunguko mmoja unavyobadilika kidogo kila unaporudi. Thamani ya kazi yake haina ubishi. Tatizo la nota ni kwamba hukamata rekodi moja ya siku moja na kuifanya kuwa wimbo wenyewe. Mtu aliyejifunza Masanga kutoka katika karatasi hizo amejifunza jinsi Bosco alivyopiga siku ile mbele ya mashine ya Tracey. Bosco hakuwa na wajibu wa kuipiga hivyo tena, na hakuipiga hivyo.

Safari ya John Low ya mwaka 1979 ilikuwa jaribio la kuziba pengo hilo. Low, ambaye aliandika pia historia ya gitaa la Kenya kati ya 1945 na 1980, alikwenda Shaba, kama Katanga ilivyoitwa tangu mwaka 1971 hadi 1997, akamtafuta Bosco, Losta Abelo na wengine wa kizazi chao, akajifunza kwao ana kwa ana. Shajara yake ilichapishwa Vienna mwaka 1982. Umuhimu wake kwa somo letu ni huu: kwa mara ya kwanza gitaa na masimulizi vilifundishwa katika kikao kimoja. Fundi huonyesha pigo, kisha husimulia. Na akisimulia husimama, hulishika tena gitaa. Katika nyimbo za namna hii mara nyingi beti hazisimulii hadithi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Ni salamu, lawama, methali na majina yaliyotupwa juu ya mapigo, na anayeyaunganisha ni yule aliyekuwapo. Bila ya masimulizi ya mtunzi, beti hizo huonekana kama maneno ya kujazia tu, na ndivyo zilivyohukumiwa na wengi.

Hapa pana ubishi wa kweli. Yaweza kudaiwa kwamba wimbo ukishatolewa kwenye sahani ni mali ya msikilizaji, na kwamba Mukabi hakuhitaji kujua habari za Likasi ili atunge habari za kwao. Dai hili lina haki kwa upande wa mtunzi: asiyeacha maneno ya mwenzake hapati yake. Kwa upande wa mwalimu wa lugha halina haki. Nyimbo za Bosco na za Masengo ni miongoni mwa ushahidi wa sauti uliopo wa jinsi Kiswahili cha migodini kilivyosemwa kabla ya uhuru wa Kongo wa mwaka 1960. Barua na magazeti ya wamisheni ya wakati ule yalipitia mikononi mwa wasahihishaji. Sahani hazikusahihishwa, isipokuwa na sisi. Tena Bosco hakuwa mtu wa usemi mmoja. Alikuwa amepita shule, alifanya kazi za ajira, na katika nyimbo zake lugha hupanda na kushuka: mara karibu na Kiswahili cha kitabu, mara ile ya mtaani. Kupanda na kushuka huko kuna maana, na anayesawazisha yote kuwa Kiswahili sanifu, kama zinavyofanya baadhi ya nakala za maneno zinazopita mikononi mwa wanafunzi, anaifuta maana hiyo kabla ya kuisoma.

Mwaka 1982 Gerhard Kubik alimkaribisha Bosco Ulaya, akamrekodi upya. Aliyezisikiliza rekodi hizo sambamba na zile za 1952 husikia mzee akijibu maswali ya kijana: mwendo umetulia, na mizunguko haikai ilipokuwa imekaa katika nota za Rycroft. Miaka sita baadaye alirekodi tena, safari hii Cape Town. Alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari. Wapigaji waliojifunza kwake moja kwa moja na kuweza kusema beti ipi ilimhusu nani walikuwa wachache hata alipokuwa hai, na kazi ya kuandika masimulizi hayo kwa Kiswahili kile kile yalimosimuliwa, yenye batu wake na njo zake, bado haijafanywa.